Neno Lililomkwamisha Mama Stempu

Mtaa mzima ulimwita Mama Stempu, ingawa stempu zenyewe siku hizi hazina wateja. Alikuwa amekaa dirisha namba mbili la posta miaka kumi na tisa, akigonga mihuri, akipima vifurushi, akiwaambia watu kwamba barua yao haijafika na kwamba si yeye aliyeila. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Jambo moja tu hakupenda kulizungumza: lugha yake ya kwanza haikuwa ya mdomo. Mama yake alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na Mama Stempu alijua kuomba maziwa kwa vidole kabla hajajua kutamka "mama".

Utotoni lugha hiyo ilimpa aibu. Wenzake walimwita mtoto wa bubu. Jirani mmoja alikuwa akiwavuta wanawe ndani kila alipowaona mama na binti wakiongea uani, eti mikono ile inaroga. Basi Mama Stempu akazoea kutembea na mikono mifukoni, akakua nayo mifukoni, akaolewa nayo mifukoni. Jioni tu, mlango wa nyumba ukishafungwa, ndipo alipoitoa.

Jumatatu moja asubuhi, tarishi wa mahakama alisimama mbele ya dirisha lake bila barua wala kifurushi. Alikuwa mzee mwembamba aliyejulikana kwa kiherehere, lakini siku hiyo alikuwa amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Dada, kabla sijaomba msaada naomba radhi," alisema.

"Radhi ya nini tena?"

Tarishi akamweleza. Kulikuwa na mwanamke kiziwi, dobi, aliyekuwa na kibanda cha kupiga pasi barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Miezi miwili iliyopita, mchana kweupe, dobi huyo alichukua pasi yake ya mkaa akaivurumisha kwenye kioo cha gari la Mkandarasi. Kioo kikawa unga. Watu wakamkamata. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Siku ile penye wengi palikuwa na makofi tu. Alipofikishwa mahakamani, Hakimu akauliza nani anaweza kumkalimania.

"Nikanyoosha mkono mimi," tarishi alisema. "Niliwahi kupanga chumba jirani na bubu. Tulielewana vizuri kuhusu maji na chumvi, nikadhani inatosha. Nikamwuliza kama kavunja kioo, akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama kavunja kwa nia ovu, akaitikia. Wakaandika amekiri. Ijumaa ilikuwa siku ya adhabu. Alipoona askari anamsogelea na pingu, akaanza kurusha mikono mpaka Hakimu akaahirisha hadi Alhamisi, akaagiza atafutwe anayejua kweli. Ni miaka miwili ndani, dada. Usingizi umenikimbia. Nasikia mama yako ni kiziwi; naomba uje umkalimanie."

"Hilo 'nia ovu' ulimwuliza vipi?"

Tarishi akatazama nyuma yake, kisha akakunja uso, akafumba ngumi kifuani na kukodoa macho. "Hivi."

Mama Stempu aliweka muhuri chini. "Hapo ulimwuliza kama ana kiungulia."

"Mungu wangu."

"Na lazima aitikie. Viziwi huitikia kila mwenye sare. Mama yangu aliwahi kununua kuku wawili wagonjwa kwa kuitikia kwa kichwa."

Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atafikiria. Kusimama mbele ya kadamnasi na kunyoosha vidole vyake hewani, yeye, kwenye mji ambao nusu yake walikuja kununua bahasha kwake! Siku nzima aligonga mihuri upande usio wake.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni, sinia la mchele mapajani, akitoa mawe. Mama alikuwa na miaka sabini na mitatu na macho ya mwewe. Mama Stempu alikaa mbele yake, akamweleza yote kwa mikono, kisha akauliza: "Mama, 'nia ovu' tunasemaje?"

Mama aliweka sinia chini. "Nia ovu ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Kaa nikuhesabie." Mikono ya mzee ikaanza kazi. Uko uovu wa kumwumiza mtu ukaona utamu. Alama yake inaanzia mdomoni, kama mtu anayeramba asali. Uko wa husuda, jicho linavutwa kwenye sahani ya mwenzako. Uko wa hasira, huo unapanda tumboni kisha unashuka, haukai. Uko wa mtu anayejua na kunyamaza, huo unafanywa kwa kiganja kwenye midomo na macho pembeni. "Wewe utachagua upi? Umekuwa hakimu lini?"

"Sasa nifanyeje?"

"Uliza wenye neno lao. Aliyeleta mzigo aubebe, usimtwishe yule mama wala usijitwishe wewe. Na ukifika huko, nyoosha mikono. Unaongea kama mtu anayekuna upele gizani."

Alhamisi saa tatu Mama Stempu alikuwa mahakamani, gauni lake la kijani limenyooka. Chumba cha mahakama kilikuwa kirefu na chembamba. Feni la darini lilizunguka kwa uvivu, mabenchi yalikuwa yamesuguliwa na makalio ya miaka mingi hadi yanang'aa. Juu ya meza ya vielelezo palikuwa na pasi ya mkaa yenye kijikaratasi shingoni, na kando yake mfuko wa nailoni wa vipande vya kioo cheusi. Mabenchi yalijaa. Kesi ya Mkandarasi haikuwa kesi ya kukosa.

Mkandarasi mwenyewe alikaa mbele, suti ya kijivu, miguu ameitanua kama mwenye chumba. Alikuwa mtu wa watu: msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuleta turubai, na vyoo vya shule alivijenga yeye. Mkewe alikaa pembeni yake, mkoba umekumbatiwa kifuani. Mwanamke huyu Mama Stempu alimfahamu. Alikuwa akija posta kila mwezi kuchukua dawa za baba mkwe wake, mzee aliyepoteza kumbukumbu.

Dobi alisimama kizimbani, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono minene yenye makovu ya moto. Hakimu akamruhusu Mama Stempu asogee ahakikishe wanaelewana. Mama Stempu akatoa mikono mifukoni. Akasalimia.

Dobi alimtazama kama mtu aliyesahauliwa nje kwenye mvua kisha akasikia, kama angeweza kusikia, komeo likifunguliwa. Halafu akajibu: "Wewe umejifunza kwa nani? Unaongea kama bibi yangu."

"Kwa mama yangu. Ana miaka sabini na mitatu."

"Inaonekana. Lakini naelewa. Usiende."

"Siendi."

Nyuma mtu mmoja akacheka mikono ile ilivyokuwa ikipishana. Masikio ya Mama Stempu yakawaka moto, kama zamani uani. Hakuiteremsha mikono. Akala kiapo kwamba atafasiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza, na mwendesha mashtaka, kijana mwenye sauti ya redio, akasimama kusoma shtaka.

"Kwamba wewe, kwa makusudi na kwa nia ovu, uliharibu gari, mali ya mlalamikaji."

Mama Stempu alifasiri hadi "makusudi". Kisha mikono ikasimama.

"Endelea," alisema Hakimu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani, na sauti ya mtu anayetaka kwenda kunywa chai.

"Mheshimiwa, hapo nimekwama. Nia ovu."

"Lugha yenu haina neno hilo?"

"Inayo mengi, Mheshimiwa. Ndiyo sababu nimekwama." Sauti yake ilikuwa nyembamba mwanzoni, kisha ikapata miguu. "Iko ya kufurahia maumivu ya mwenzako, iko ya husuda, iko ya hasira, iko ya kujua na kunyamaza. Nikichagua moja, nitakuwa nimeshamhukumu mimi. Naomba nielezwe mahakama ina maana gani, nami nitamwambia hivyo hivyo."

Hakimu akavua miwani. Ilikuwa wazi kwamba kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Mwendesha mashtaka," alisema hatimaye, "shtaka ni lako. Eleza."

Kijana akajikohoza. "Ni rahisi, Mheshimiwa. Nia ovu ni kutenda jambo huku unajua kabisa kwamba ni kosa."

Mama Stempu akafasiri. Dobi akajibu papo hapo. Mama Stempu angependa kulimeza jibu lile, lakini kiapo ni kiapo. Akasema kwa sauti: "Anajibu: nilijua kuvunja kioo cha mtu ni kosa. Nilijua vizuri. Nikavunja."

Mabenchi yakavuma. Mwendesha mashtaka akafunga faili lake. "Amekiri mara ya pili, Mheshimiwa. Kwa mkalimani wa kweli."

"Mkandarasi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwema," ndivyo Mama Stempu alivyokuja kumsimulia mama yake baadaye, "utadhani anamwombea."

"Mimi, Mheshimiwa, sina kinyongo," Mkandarasi alisema akiwa ameketi. "Ni kijicho tu. Mtu akikuona umejaliwa, roho inamuuma. Huo ndio uovu wenyewe: kuchukia mafanikio ya mwenzako."

Dobi alipofasiriwa hayo akamtazama Mkandarasi kwa mshangao wa kweli. "Gari gani hilo la kuonea kijicho? Mimi siwezi hata kuendesha baiskeli."

Kicheko kikapita. Hakimu akagonga meza, ila si kwa nguvu. Chai ilikuwa imeanza kumtoka akilini. "Mkalimani, mwambie hivi. Kwangu mimi, nia ovu ni kutaka mtu apatwe na madhara. Mwulize: ulipovunja kioo, ulitaka nani apatwe na madhara?"

Mama Stempu aliuliza taratibu, akitengeneza kila alama kama anayeandika anwani ya barua ya mbali. Dobi akakunja uso.

"Anauliza: nani wa kumdhuru? Mwenye gari hakuwemo. Nilivunja ili aliyekuwemo asife."

"Nani alikuwemo?"

Kabla mikono ya Dobi haijapanda, Mkandarasi alishasimama. "Mheshimiwa, napinga! Gari lilikuwa tupu. Nimesema hivyo polisi na imeandikwa. Huyu mama wa posta anatunga. Nani humu ndani anajua mikono ile inasema nini? Anaweza kutuambia lolote!"

Hoja hiyo ilikuwa na mashiko, na Mama Stempu aliona nyuso za watu zikigeuka kumwangalia yeye sasa. Aliona tena yule jirani akiwavuta wanawe ndani. Akajisikia kutaka kurudi posta, dirishani, nyuma ya kioo.

"Ni kweli," alisema. "Mheshimiwa unijaribu."

Hakimu akafikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Askari, mtoe mkalimani nje. Mpeleke mpaka kwenye lango. Mgeuze mgongo."

Mama Stempu akasimama langoni akitazama ukuta. Kutoka ndani akasikia sauti za watu, kisha kicheko kikubwa kilichokatizwa na Hakimu kugonga meza. Wakamwita. Akaingia. Watu wote walikuwa wamenyooka kwenye mabenchi, wamebana midomo.

"Mwulize," alisema Hakimu, "nimefanya nini ulipokuwa nje."

Dobi alieleza. Mama Stempu akatazama mpaka mwisho, akarudia kuuliza jambo moja, akageuka.

"Anasema Mheshimiwa umevua saa yako ukaiweka ndani ya kiatu cha mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka amebaki mguu mmoja na soksi yake imetoboka kidole gumba. Kisha ukaandika kwenye ubao wa kesi ukutani arobaini na saba, ukafuta saba kwa mkono wa shati." Akasita. "Kuna jingine, Mheshimiwa. Sijui kama niseme."

"Uliapa kutopunguza."

"Anasema anayekupigia pasi anakuibia. Kola imekunjwa kabla haijakauka."

Mahakama ikaangua kicheko, tarishi akapiga kofi paja lake, na hata askari akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Hakimu akashika kola yake. Alipoiachia, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mahakama imeridhika na mkalimani," alisema. "Mlalamikaji, keti. Sasa mwanamke huyu aseme, na asikatizwe."

Dobi akasimulia. Mama Stempu alikuwa sauti tu. Baadaye watu wengine waliapa kwamba walisahau kuwa alikuwepo.

Siku ile jua lilikuwa kali hata mkaa ulikuwa ukijiwasha wenyewe, Dobi alisema. Gari jeusi lilisimama upande wa pili wa barabara. Mkandarasi akashuka, akafunga, akapanda ghorofani. Vioo vilikuwa vyeusi, ndani huoni kitu. Dobi akapiga pasi mashati manne. Mtu anayepiga pasi shati moja kwa robo saa anajua saa imekwenda. Alipoinua macho akaona kitu kwenye kioo cha nyuma: kiganja. Kiganja kimebandikwa kwenye kioo, kimekuwa cheupe, kinapiga polepole. Kikateleza. Kikarudi. Kikateleza tena, kisha hakikurudi.

"Watu walikuwa wakipita," alisema Mama Stempu kwa niaba yake. "Walipita kumi, kumi na wawili. Wenye masikio wanangoja kelele, na mzee hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Nilimvuta mtu mmoja shati, nikamwonyesha. Akaniona bubu anayeomba, akanipa sarafu. Nikajaribu milango yote minne. Nikarudi kuchukua pasi. Kioo cha mlango wa mbele ndicho nilichopiga, kiwe mbali naye. Nilifungua, nikamkuta amelala kwenye kiti, midomo imekauka kama karatasi. Alikuwa amevaa sweta la kahawia, jua lote lile, na vifungo vimepishana. Kidole chake kidogo cha kushoto hakinyooki. Nikammwagia maji yangu ya kunyunyizia nguo. Akafumbua macho. Akanishika mkono. Hapo ndipo waliponivuta nywele, hakuna aliyechungulia ndani. Mwenye gari akaja mbio, akamwona mzee, akaniona mimi. Akafunga mlango, akaondoka. Jioni polisi wakaja."

Mkandarasi alikuwa akijifuta shingo. "Hadithi," alisema, lakini sauti ilitoka imepasuka. "Hadithi tupu. Shahidi yuko wapi?"

Basi mkewe akasimama.

Alisimama polepole, kama mtu aliyeketi muda mrefu hata miguu ikafa ganzi. "Mheshimiwa, naomba kusema."

"Kaa chini, mama watoto," Mkandarasi alinong'ona kwa nguvu.

"Nimekaa miezi miwili," mkewe alimjibu. Akamgeukia Hakimu. "Hilo sweta nililifuma mimi. Na vifungo vinapishana kwa sababu baba hupenda kufunga mwenyewe, nami namwacha, ndiyo furaha yake iliyobaki. Siku ile mume wangu alimleta nyumbani ameloa. Akaniambia mzee amejimwagia maji mkahawani. Mzee hakusema neno siku tatu, midomo imechanika. Nilipomvua sweta nikakuta vipande vya kioo mfukoni. Vyeusi. Nikauliza, nikaambiwa mzee siku hizi anaokota takataka."

"Vipande hivyo viko wapi?"

"Nyumbani, kwenye kopo la vifungo vya kushonea. Sikujua kwa nini naviweka, Mheshimiwa. Au nilijua, nikaogopa kujua."

Hakimu akamtuma tarishi na askari mmoja wakavichukue. Tarishi aliondoka mbio, koti linapepea. Watu waliomfahamu walisema hawakuwahi kumwona akienda na ujumbe kwa kasi ile. Baada ya nusu saa alirudi anahema, kopo mikononi kama mtu aliyebeba yai. Vipande vitatu vikawekwa mezani kando ya vile vya mfuko wa nailoni. Hakimu akavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Weusi ule ule, unene ule ule, na kimoja kikakaa ubavuni mwa kingine kama meno ya kinywa kimoja.

Hapo Mkandarasi akavunjika. Akasimama mikono ameitandaza. "Nilisahau! Basi, nilisahau! Nilikuwa na mkutano, simu zinaita, kichwa kimejaa. Ni baba yangu, mnadhani simpendi? Ningesemaje kwa watu, mimi, kwamba nimemsahau baba yangu kwenye gari kama mwavuli? Mheshimiwa, kusahau nako ni uovu?"

Hakimu hakumjibu. Alimtazama Dobi. "Mkalimani, mwulize yeye. Leo tumetoa maana tatu za nia ovu humu ndani, ya mwendesha mashtaka, ya mlalamikaji na yangu, na zote tulizitoa sisi tunaosikia. Yeye anasemaje?"

Mama Stempu akafasiri swali. Dobi aliegemeza mikono kwenye ukingo wa kizimba. Alimtazama Mkandarasi, naye Mama Stempu hakuona chuki machoni pake. Aliona kazi, kama mtu anayetazama doa na kupima ni la mafuta au la damu. Kisha akaongea, alama kubwa, wazi, hata watu wa nyuma wakainuka kuona.

"Anasema: kusahau si uovu. Mimi nimeunguza mashati ya watu kwa kusahau, na nililia. Uliporudi ukamwona baba yako yu hai, ulikuwa bado mtu mwema aliyekosea. Ungelia pale pale barabarani, ningelia nawe. Lakini ulijua. Ulijua nani alikuwa ndani, ulijua kwa nini nilivunja, ukaenda ukasema gari lilikuwa tupu. Ukamfuta baba yako ili ubaki na jina zuri, na mimi ukaniacha niingie jela kwa sababu ulijua sina mdomo. Uovu kwangu ni huo. Ni kujua mtu yumo ndani, ukaapa hamna mtu."

Na alama aliyofungia ndiyo ile ya nne ya mama yake: kiganja kwenye midomo, macho pembeni. Mama Stempu hakuifasiri. Haikuhitaji. Mkandarasi mwenyewe aliielewa, akaketi kama gunia lililokatwa kamba.

Mwendesha mashtaka alisimama, safari hii amevaa viatu vyote viwili. Aliomba kuliondoa shtaka. Hakimu akafuta lile ungamo la kiungulia, akamwachia Dobi huru, akaagiza faili jipya lifunguliwe kuhusu taarifa ya uongo iliyotolewa polisi, na akamwambia karani wake aandike, neno kwa neno, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kichwa kitakachoitikia katika mahakama yake kikahesabiwa kuwa kimekiri. "Na hilo neno 'nia ovu'," aliongeza, "kila litakaposomwa hapa, atakayelisoma ajiandae kulieleza."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mama Stempu akageuka kwa hasira aliyoishangaa mwenyewe. "Hasikii hayo! Mnampigia nani makofi? Hivi!" Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimetawanyika, akavitikisa kama majani kwenye upepo. Tarishi akawa wa kwanza kufuata. Kisha mke wa Mkandarasi. Kisha benchi zima, na benchi la nyuma yake, na askari aliyekuwa na pingu kiunoni, hadi chumba chote kikawa msitu wa mikono inayotikisika kimya kimya. Dobi alitazama huku na huku. Akacheka kwa sauti yake kubwa isiyo na mipaka, sauti ambayo mtaani watu walizoea kuikimbia, na safari hii hakuna aliyesogea ila kumkaribia.

Mama Stempu alitoka naye wakaongozana mpaka kwenye kibanda. Waliongea njia nzima, mikono ikipaa, wakisimama katikati ya barabara pale habari ilipokolea, madereva wakisubiri. Mbele ya kibanda watu walishajaa. Habari ina miguu kuliko mbwa. Alikuwepo aliyemvuta nywele siku ile, ana mashati matatu mkononi na macho chini. Alikuwepo aliyempa sarafu. Kila mmoja alikuwa na nguo ya kupigwa pasi na samahani ya kusemewa, na wote wakaanza kusema kwa pamoja, wakimwelekea Mama Stempu: mwambie hivi, mwambie vile, mwambie sisi hatukujua.

Mama Stempu akafasiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Dobi akasikiliza kwa macho mpaka wa mwisho. Akakunja mikono ya gauni. Akajibu kwa alama mbili fupi.

"Kasemaje?" watu wakauliza.

"Kasema samahani zenu kazipokea," Mama Stempu alijibu, kicheko chake cha ghafla kikimponyoka. "Nguo, mpange foleni."